Niliuza Zamu ya Kuanza

Ningesema hapana! Neno moja tu, na kinywa kilikuwa changu. Lakini Bwana Mabula aliponiuliza kama zamu ya kuanza kwenye mashindano yetu ya karata inaweza kuuzwa, mimi nilikohoa, nikanyoosha kola ya shati, nikamjibu, "Inawezekana, ilimradi kuwe na utaratibu."

Utaratibu! Kila ubaya nilioufanya maishani mwangu niliufanya kwa utaratibu.

Jina langu silitaji. Wazee wenzangu wa Mabatini, hapa Mwanza, wakisoma haya watanijua tu, na wana haki ya kucheka. Ninayaandika kwa sababu mjukuu wangu anayefanya kazi Nyegezi anaendesha mashindano ya karata kwenye simu, na juzi kaniuliza, "Babu, anayeanza anashinda sana. Wenzangu wanataka tumwuzie anayetaka kuanza. Wewe unaonaje?" Chai ilinipalia. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ndilo hili, na nimeona bora nilitoe mbele ya watu kuliko kulinong'ona sebuleni.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa kinaachwa huria. Mimi na wenzangu wengi tulikuwa tumepunguzwa kazini kule kiwanda cha nguo. Walisema hivyo, kupunguzwa, kana kwamba sisi ni nywele! Asubuhi tulivaa vizuri kama watu waendao kazini, tukaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka la ushirika lililokuwa limefungwa, tukacheza karata mpaka jua lizame.

Mimi waliniita Katibu, kwa kuwa kiwandani nilikuwa katibu wa timu ya mpira, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne. Palipotokea ugomvi wa karata waliniletea mimi. Niliupenda sana ugomvi wao. Mungu anisamehe.

Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa Shija. Tulianza kazi pamoja, tulikaa mashine za jirani, tulipunguzwa pamoja. Alikuwa mtu wa maneno machache mpaka ashike karata. Akishika karata, basi ameamka mtani wa kijiji kizima! Atakuuliza kama mkeo anajua unavyocheza. Atakushauri uende ukalime mihogo, maana mihogo haina haraka. Na kumshinda, humshindi.

Mchezo wetu ulikuwa wa watu wawili. Kila mmoja anagawiwa karata saba, mnatupa kwa zamu karata inayolingana na iliyo juu kwa alama au kwa namba, asiye nayo anakwama na zamu inampita, na anayemaliza mkononi kwanza ndiye mshindi. Huhitaji shule kuona kwamba anayeanza yuko mbele kwa hatua moja. Wote mkienda sawasawa bila kukwama, yeye anamaliza, wewe unabaki na karata moja ya kujipepea.

Sisi tulilijua hilo, na dawa yake tulikuwa nayo. Wawili wakikutana, wanacheza michezo miwili, kila mmoja anaanza mara moja. Wakitoka sare, mchezo wa tatu anaanza mwenye safari. Yaani yule ambaye mkewe kamtuma sokoni, au ana mgonjwa wa kwenda kumwona. Tulimpa aanze ili awahi. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, na sikumbuki mtu aliyedanganya kwamba ana safari. Sisi, watu tusio na kazi, tulikuwa na adabu kuliko bunge!

Ndipo akaja Bwana Mabula.

Alilikodi lile duka la ushirika, akalipaka rangi ya machungwa, akalijaza betri, redio, viatu vya plastiki na balbu zilizoungua kabla hujafika nazo nyumbani. Tulijua tutafukuzwa kibarazani. Badala yake alitoka nje akicheka, mikono imefunguka kama padri.

"Wazee wangu, shikamooni! Msiwe na wasiwasi. Mimi siwafukuzi. Mimi ni mwekezaji."

Hatukujua mwekezaji ni mtu wa namna gani, lakini tuliitikia marahaba.

Akatangaza mashindano ya karata. Yatafanyika kibarazani mbele ya duka lake, watu wajae, waone bidhaa. Mshindi atapata baiskeli. Aliitoa nje tuione, nyeusi, mpya, kengele inalia kama ndege, nyuma ina keria pana. Shija aliizunguka, akaishika ile keria, akaitikisa kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Katibu," akaniambia pembeni, "hii inabeba magunia mawili ya dagaa. Asubuhi niko mwaloni nanunua, mchana niko Misungwi nauza, jioni nimerudi. Sihami tena."

Hapo lazima nieleze. Chumba alichokipanga pale Mabatini kilikuwa kinamshinda. Kaka yake wa Misungwi alikuwa tayari kumpokea, lakini hao wawili walikuwa hawajasalimiana vizuri tangu baba yao azikwe. Kwa Shija, kurudi kwa kaka yake kulikuwa ni kwenda kuomba chakula kwa mtu atakayemhesabia matonge. Baiskeli ile ndiyo ilikuwa tofauti ya kubaki mtu mzima na kuwa mdogo wa mtu. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote. Alinieleza mimi peke yangu!

Watu walijiandikisha kwa wingi. Bwana Mabula akaniita ndani ya duka, akanikalisha kwenye kiti cha kuuzwa, bado kina nailoni.

"Katibu, michezo miwili kwa kila jozi ni mingi mno. Tutamaliza lini? Kila jozi icheze mmoja."

"Basi anayeanza atakuwa na faida," nikasema. Nataka ijulikane kwamba nilisema! Nilipinga kwa muda unaotosha kunywa soda aliyonipa.

"Faida?" Macho yakamwaka. "Kumbe kuanza ni mali! Sasa mali mnaigawa bure? Mzee wangu, hiyo ndiyo siasa iliyotufikisha hapa. Kitu chenye faida kipigwe mnada. Anayekitaka zaidi akipate. Au siyo?"

"Lakini wengine hawana kitu."

"Watapata hamasa ya kukitafuta."

Halafu akatoa tai. Ya bluu, ina mistari. Akatoa na filimbi. Akasema kazi kubwa kama hii inahitaji msomi, na kuanzia leo mimi siyo Katibu tena, mimi ni Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuanza. Niliuliza wajumbe wengine wa kamati ni akina nani. Akaniambia, "Wa nini? Unataka wakusumbue?"

Nilikuwa sijapewa cheo chochote tangu kiwanda kinitoe. Nikaifunga ile tai. Hapo ndipo nilipokohoa na kusema lile neno langu la utaratibu.

Utaratibu wenyewe niliutunga mimi. Fedha niliikataa katakata, nikisema fedha ni rushwa. Watu walete vitu, na vitu tutaviita uchangiaji. Mwenye uchangiaji mkubwa anaanza. Vitu vinakabidhiwa kamati. Na kamati, kama nilivyosema, ilikuwa mimi.

Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho, ingawa mimi sikucheka. Fundi viatu alileta kipande cha sabuni. Mpinzani wake akaleta kipande na nusu. Fundi viatu akakimbia nyumbani, akarudi na kuku. Nikapuliza filimbi, nikatangaza, "Kuku ameizidi sabuni!" Umati ukapiga makofi. Kuku mwenyewe akajisaidia juu ya meza ya kamati.

Dereva mmoja wa lori alinunua kuanza kwa kilo ya sukari, akacheza kama aliyelala, akashindwa. Akanijia juu.

"Mheshimiwa, nirudishie sukari yangu!"

"Ulinunua kuanza. Hukununua kushinda."

"Basi hii ni mali feki! Ni kama betri za humo dukani!"

Bwana Mabula akanikonyeza nibadilishe mada.

Aliyeelewa soko kuliko wote alikuwa Mama Kulwa, muuza maandazi. Yeye karata hachezi. Aliniuliza kwa upole, "Mheshimiwa, lazima anayenunua kuanza awe mchezaji?" Nikafungua kanuni zangu kichwani, sikuona katazo. Akanunua kuanza kwa jozi nne, kwa beseni moja la maandazi, halafu akakaa kwenye kigoda chake akiziuza zamu hizo kwa wachezaji wenyewe kwa bei ya juu. Watu wakapiga kelele, "Mlanguzi huyo! Mlanguzi!" Yeye akajibu bila kugeuka, "Mlanguzi ilikuwa zamani, baba. Siku hizi naitwa mfanyabiashara."

Na mimi nilimuunga mkono! Nilisimama nikahutubia kwamba ushindani una manufaa kwa wote. Nilikuwa na tai, jamani. Tai ikibana shingo damu haifiki kichwani.

Shija hakununua kitu. Hakuwa na kitu. Kila jozi aliyoingia mpinzani alinunua kuanza, yeye akacheza wa pili, na kila mara akashinda. Namna gani? Alikuwa anasubiri mtu akwame, anambana, anamchokoza mpaka atupe vibaya. "Tupa, tupa, usiikumbatie, siyo mtoto wako!" Umati ulikuwa wake wote. Mpaka Mama Kulwa akawa anampa andazi bure, jambo ambalo halikuwahi kutokea Mabatini.

Sasa sikiliza kosa langu la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Kila Shija aliposhinda, mimi nilisimama nikamwonyesha kwa kidole. "Mnaona? Asiye na kitu naye anaweza! Utaratibu wetu haumzuii mtu!" Nilimfanya rafiki yangu kuwa ushahidi wa kunisafisha. Yeye aliniangalia tu, akachanga karata.

Ikafika fainali. Shija na Deo, mwenye bucha. Deo alikuwa mtu wa furaha, mnene, hana ubaya na mtu, na nyumbani kwake alikuwa na pikapu. Baiskeli hakuihitaji. Aliutaka ushindi. Akaja na mguu wa ng'ombe begani, mzima, akautua mbele yangu mpaka meza ikalia.

"Kamati ipokee," akasema.

Nikamgeukia Shija. "Mchangiaji wa upande wa pili ana chochote?"

Alisimama. Alikuwa amevaa shati lake la kiwandani, lile ambalo nembo yake aliifumua mwenyewe.

"Katibu," akasema. Hakusema Mheshimiwa. "Hii ni fainali. Watu wako tayari kungoja. Tucheze miwili, kila mtu aanze mara moja, kama tulivyokuwa tukifanya."

Umati ukaunguruma. "Ni kweli! Miwili! Miwili!"

Hata Deo akainua mabega. "Mimi sina neno. Mguu kuleni tu."

Umesikia? Hata Deo alikubali! Ilibaki kauli yangu peke yangu. Nikamtazama Bwana Mabula. Hakutikisa kichwa wala hakufanya ishara, alikuwa anamwuzia mtu balbu. Kwa hiyo siwezi kumsingizia.

Kilichokuwa kichwani mwangu ni hiki. Nikikubali sasa, fundi viatu ataniuliza kuku wake alienda wapi. Dereva ataniuliza sukari. Nikibadilisha kanuni kwa sababu ya rafiki yangu, watasema Mwenyekiti ana upendeleo. Ndivyo nilivyojidanganya! Niliiita haki. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa, na mguu wa ng'ombe ulikuwa umeshanukia.

"Kanuni ni kanuni," nikasema. "Deo anaanza."

Shija akacheka kidogo. "Hata kama mimi ndiye mwenye safari?"

Nilipuliza filimbi.

Karata zikagawiwa. Safari hii Deo hakukwama hata mara moja. Alitupa kopa, Shija akatupa kopa. Deo akabadilisha kwa namba, Shija akafuata kwa namba. Wakashuka hivyo, hatua kwa hatua, watu hawapumui. Deo akatupa karata yake ya mwisho, akainua mikono. Umati ukapiga makofi machache, kama ya msibani.

Shija alikuwa amebaki na moja. Akaigeuza, akailaza taratibu juu ya ile ya Deo. Ililingana. Kila aliyekuwa pale, hata asiyejua karata, alielewa kwamba angeanza yeye, baiskeli ilikuwa yake.

Mguu nilipelekewa nyumbani. Mke wangu aliutazama, akanitazama mimi.

"Wa nani huu?"

"Wa kamati."

"Baba Neema, Shija kapata baiskeli?"

"Kanuni hazikuruhusu."

Akajifunga kanga, akatoka, akaniacha na kisu. "Basi kamati ipike." Nilipika mwenyewe, nikala mwenyewe. Nyama ilikuwa ngumu, na niliimaliza.

Deo aliitundika ile baiskeli buchani kwake, kwenye ndoano, katikati ya nyama, watu waione. Haikuwahi kukanyaga barabara. Bwana Mabula akapanga ndoo za plastiki kibaraza chote, akatuambia kwa heshima zote kwamba nafasi ile ina kodi. Tai akaniachia, kwa vile ilikuwa imechakaa.

Shija aliondoka na mkewe na godoro, wakapandia basi Nyegezi kwenda Misungwi kwa kaka yake. Nilijua siku ya kuondoka. Sikwenda kuwasindikiza. Nilisema nina kikao. Kikao na nani, wakati kamati ilikuwa mimi?

Ilipita miaka kabla sijathubutu kwenda Misungwi. Nilimkuta kwenye shamba la pamba la kaka yake, anapalilia. Alikuwa amekonda. Aliponiona alitua jembe, akajifuta mikono, akaja kunishika mkono. Hakuniamkia mwangaluka, kwa Kisukuma chetu, kama tulivyozoea miaka yote. Alinisalimia kwa Kiswahili cha ofisini.

"Karibu sana, Mheshimiwa. Habari za Mwanza?"

Siku nzima aliniita hivyo. Alinipa kiti, akanipa maziwa mgando, akaniuliza hali ya mke wangu na watoto, kila mmoja kwa jina. Wakati wa kula, kaka yake alikaa kwenye kiti cha mbele, akamwambia Shija aongeze maji ya kunawa, na Shija, mtu mwenye mvi, akainuka akaongeza. Nilitazama chini.

Tulipobaki wawili nikamwambia nilikosa. Nikamwambia yote, tai, mguu, na woga wangu. Alisikiliza vizuri. Halafu nikatoa karata mfukoni. "Tucheze hata mmoja. Anza wewe."

"Sasa unanipa?" akasema, na kwa mara moja nikamwona Shija wa kibarazani, lile jicho la utani. Likazimika. "Mimi siku hizi sichezi, Mheshimiwa. Utachelewa basi lako."

Akanisindikiza mpaka barabarani. Hakunitukana. Laiti angenitukana!

Basi, mjukuu wangu, na nyinyi nyote mnaoendesha mashindano, ya kwenye meza au ya kwenye simu, jibu langu ni hili. Anayeanza ana faida, msijifanye hamjui. Mpeni kila mtu aanze mara sawa na mwenzake. Kama muda hautoshi, punguzeni watu, msipunguze haki. Kama lazima uwe mchezo mmoja, bahati iamue mbele ya macho ya wote, na asiyeanza apewe kitu cha kumfidia. Lakini msiuze! Mkishauza mara moja mtalazimika kuitetea biashara yenu, na mtaitetea mbele ya mtu msiyestahili kumwangalia usoni. Na wewe unayepewa tai na cheo ghafla, jiulize ni kitu gani chako kinanunuliwa. Mimi sikujiuliza.

Shija alifia Misungwi, nyumbani kwa kaka yake. Habari zilinifikia akiwa ameshazikwa, maana hakuna aliyeona sababu ya kuniita. Katika maisha yangu nimekuwa na majirani, wafanyakazi wenzangu, ndugu na watoto, lakini rafiki nilikuwa naye mmoja tu. Nilimtoa kwa ajili ya zamu ya kuanza, na sikupata mwingine.